Matone matatu kwa dakika

Gilandi ya shafti, yaani kizuizi cha maji pale mhimili wa propela unapopenya chombo, imeundwa ivuje. Wenye mashua za tanga zenye mashine ndani wengi hawaliamini neno hili, na kutoliamini kumeharibu shafti nyingi kuliko chumvi ya bahari. Mtu anafunua ubao nyuma ya mashine, anaona tone linadondoka ngamani, chini kabisa ya chombo, anachukua spana na kukaza mpaka tone likome. Usiku huo analala vizuri. Kesho yake upepo unakufa, anakwenda kwa mashine muda wa saa nne, na huku nyuma pakingi, yaani pete za kamba za kuzuia maji, inaungua, shaba inapata moto usiogusika, na shafti inaanza kuchimbika mfereji pale ilipobanwa. Akitia pakingi mpya itavuja vilevile, naye atamlaumu aliyemuuzia kamba.

Mpangilio wenyewe ni huu. Shafti inatoka kwenye kapulingi (sahani mbili za kuiunga) ya giaboksi, inapita ndani ya boksi la pakingi, ndiyo gilandi yenyewe, inaingia bomba la shafti lililozikwa kwenye tezi, nyuma ya chombo, inatokea nje kupitia beringi ya mpira yenye mifereji ya maji, na mwisho wake ni propela. Katika mashua nyingi za faiba boksi halijafungwa kwenye mwili wa chombo. Limeshikwa na kipande cha mpira mnene, upande mmoja umebana boksi na wa pili umebana bomba, kwa klipu. Ndani ya boksi mna pete za kamba ya pakingi, mara nyingi tatu, na nati kubwa inayozisukuma, kisha nati nyembamba ya kuifunga ile kubwa isilegee.

Pete hizo hazizibi kama kizibo cha chupa. Zinaacha utando mwembamba wa maji kati yake na chuma, na utando huo ndio oili yake na ndio unaopoza. Kipimo ninachokifuata ni matone mawili hadi matatu kwa dakika shafti ikizunguka, na ikisimama tone lisiwepo au liwe la kusuasua. Kiasi hicho si kitu. Matone 20 ni kama mililita 1, kwa hiyo matone matatu kwa dakika ni mililita 9 kwa saa, na usiku na mchana hayajazi robo lita. Linganisha na mchirizi mwembamba unaojaza kikombe cha robo lita kwa dakika moja: huo ni lita 15 kwa saa, lita 360 kwa siku, na betri ya pampu ikifa chombo kinakaa chini. Mwenye tanga akumbuke pia kwamba propela huzunguka yenyewe chombo kikienda kwa upepo giabo (gia) ikiwa huru, kwa hiyo matone yanahesabiwa kwa saa za safari, si kwa saa za mashine.

Kabla ya kugusa nati yoyote, hakikisha maji yanatoka hapo. Ngama ndiyo sehemu ya chini kabisa, kila tone la chomboni humalizikia huko, na gilandi inasingiziwa mengi. Onja kwanza: maji baridi ni ya tangi au ya mvua. Yakiwa ya chumvi, kausha eneo lote kwa kitambaa, kisha paka unga wa ngano au wa chaki kwenye mpira, kwenye klipu, kwenye boksi na kwenye ungio la bomba na faiba. Subiri nusu saa. Unga uliolowa ndio unaosema. Pampu ya maji ya chumvi ya mashine, kiwiko cha ekzosi na mti wa usukani huleta maji yanayotiririka chini ya mashine na kujifanya ni ya shafti. Halafu washa, tia giabo, angalia tena, maana kuna uvujaji usioonekana mpaka shafti izunguke.

Ikiwa maji yanatoka pale shafti inapoingia kwenye nati, na chombo kimetumika msimu mzima bila kuguswa, jaribu kukaza kwanza. Legeza nati ya kufungia, kaza ile kubwa kwa sehemu ya nane ya mzunguko, zungusha shafti, hesabu matone. Ukifika robo mzunguko na bado yanakimbia, acha. Nati ikiwa imekwisha nyuzi zake, pakingi imekwisha pia.

Sasa swali la mahali. Pakingi inaweza kubadilishwa chombo kikiwa majini, na wengi hufanya hivyo. Mtu anazamia, anafunga kitambaa au ukanda wa tyubu kuukuu kuzunguka shafti pale inapotokea kwenye beringi, na anayebaki ndani anafungua. Maji yataingia tu, ila kwa kiasi kinachovumilika. Masharti ni kwamba pampu imejaribiwa asubuhi hiyo hiyo, pete mpya zimeshakatwa na zimepangwa karibu na mkono, na ufunguo wa mashine amepewa yule aliyezamia. Kitambaa kikisahaulika nje na mashine ikawashwa, kitaingia kwenye beringi na kuifunga mifereji yake.

Pwani ya Afrika Mashariki ina njia bora zaidi, nayo haina malipo. Kutoka Mombasa hadi Dar es Salaam maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hupanda na kushuka mita tatu hivi au zaidi, na siku hizo hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, yakapwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Mashua yenye mkuku (uti wa chini wa chombo) mrefu, inayozama mita moja na robo, inapandishwa mchangani maji yanapoanza kugeuka alfajiri, inapigwa gadi, yaani miti ya kuiegemeza, pande zote mbili, na kukipambazuka tezi liko nje. Una mpaka saa saba mchana bila wasiwasi. Pakingi yenyewe ni kazi ya saa moja na nusu.

Kosa la hapo ni kuchagua siku. Ukipandisha siku ambayo bamvua limefika kileleni, maji ya siku inayofuata hayatafika ulipo, na utakaa mchangani wiki mbili ukingoja bamvua jingine huku watoto wakichezea gadi zako. Pandisha siku moja au mbili kabla ya kilele. Na chombo chenye mkuku mfupi mwembamba na usukani uliosimama peke yake kisilazwe hivyo. Kipeleke kwenye reli ya kuvutia vyombo nchi kavu au pambana na kitambaa majini.

Kufungua nati ndipo watu wanapoharibu zaidi. Shaba iliyokaa miaka inashikana kwa kutu ya kijani. Inyeshee oili ya kupenyeza tangu jana yake. Unahitaji vifaa viwili, kimoja cha kushika boksi lisizunguke na cha pili cha kuzungusha nati: pipirenchi mbili, au spana malaya kubwa na pipirenchi. Anayetumia kimoja anaupinda mpira nyuma ya boksi, na mpira uliopindika hupasuka kwa ndani usikoona. Ikiwa nati imegeuka rangi ya waridi na inamegeka kama biskuti, zinki imetoka ndani ya shaba. Usiirudishe. Angalia na zinki ya kinga iliyofungwa kwenye shafti nje kama bado ipo.

Kutoa pete kuukuu ni kazi ya subira. Kuna kifaa chake, kijiti kinachopindika chenye ncha kama parafujo, lakini skrubu ndogo ya mbao iliyoungwa kwenye waya mgumu inafanya kazi hiyo hiyo. Ipenyeze katikati ya kamba, usiguse shafti, vuta. Zinatoka vipande vipande. Pete ya mwisho ndiyo ngumu, imekauka kama ubao, na hiyo ndiyo mafundi wa haraka huiacha chini na kupachika mbili mpya juu yake. Ile ya chini haishiki maji tena, inasugua tu. Mulika kwa tochi mpaka uone shaba tupu. Pima kina cha boksi kwa waya: kina cha milimita 19 kwa kamba ya milimita 6 ni pete tatu. Ukitoa mbili tu, moja imebaki.

Unene wa kamba haukadiriwi kwa macho. Pima kipenyo cha ndani cha boksi, toa kipenyo cha shafti, gawa kwa mbili. Boksi la milimita 38 na shafti ya 25 ni milimita 6.5, na hapo kamba ya robo inchi inakaa vizuri. Kamba nyembamba kuliko nafasi italazimika kukazwa mno ndipo ijaze, na nene itagongwa kwa nyundo, na vyote viwili vinarudi kwenye shafti iliyochimbika. Kuhusu aina: kamba ya katani iliyotiwa mafuta ni rahisi na hufanya kazi; iliyoloweshwa tefloni hudumu zaidi na haihitaji kubanwa sana. Ya grafiti inapoa vizuri sana na wapo wanaoisifu. Mimi naiepuka kwenye chombo kinachokaa miezi bila kutembea, kwa sababu grafiti na chuma cha pua ndani ya maji ya chumvi hujifanya betri, na chuma ndicho kinacholika.

Kata pete kwenye bomba au kijiti chenye kipenyo sawa na shafti, kamwe si juu ya shafti yenyewe. Zungusha kamba mara nne kama springi, kata kwa wembe mpya kwa mshazari wa digrii 45. Ncha zikutane bila kupandana na bila kuacha mwanya. Paka grisi kidogo ile isiyooshwa na maji, ingiza pete moja moja, na kila moja isukume mpaka chini kwa kipande cha bomba la plastiki kilichopasuliwa katikati. Ungio la kwanza liwe juu, la pili chini kulia, la tatu chini kushoto. Maungio yakipangana mstari mmoja umeyachimbia maji mfereji.

Nati irudishwe kwa mkono tu. Chombo kikielea kitavuja, pengine kwa mchirizi, na hapo ndipo moyo unapotakiwa. Kiache hivyo robo saa kamba inywe maji. Funga kamba za chombo vizuri, washa, tia giabo ya mbele kwa mzunguko mdogo kwa dakika 15 hadi 20, huku kiganja kikipapasa boksi. Liwe vuguvugu. Ukishindwa kulishika, legeza mara moja. Kisha kaza sehemu ya nane, ngoja dakika tano, papasa, hesabu, kaza tena, mpaka yale matone matatu. Funga nati ya pili huku ukiishika ya kwanza, vinginevyo itaifuata na kukaza bila wewe kujua. Rudia baada ya saa tano za mashine, maana kamba mpya hujikalisha. Gilandi za mtindo wa sahani yenye boliti mbili zikazwe upande huu uso mmoja wa nati, upande ule uso mmoja, na nafasi ipimwe pande zote mbili. Ikilala upande itaila shafti upande huo.

Hayo yote hayatasaidia chochote ikiwa ugonjwa uko kwingine. Pakingi nzuri hukaa msimu mzima au zaidi. Ikianza kukimbia baada ya saa ishirini au thelathini, acha kununua kamba na uitazame shafti.

Pitisha ukucha pale pete zinapokaa. Ukucha ukikwama kwenye mfereji, hakuna kamba itakayofunga. Mfereji mdogo unaweza kukwepwa kwa kuweka mpira mfupi au mrefu kidogo ili pete zikae kwenye chuma kipya. Zaidi ya hapo ni shafti mpya. Ukiona vishimo vidogo vidogo badala ya mfereji, hiyo ni dalili ya chombo kinacholala. Chuma cha pua hujilinda kwa hewa iliyomo kwenye maji, na maji yaliyokwama chini ya pakingi miezi mitatu hayana hewa, basi chuma huliwa kwa ndani. Dawa yake ni kuizungusha shafti kwa mkono kila wiki, mizunguko kadhaa, ambayo mlinzi yeyote anaweza kuifanya akionyeshwa mara moja.

Halafu shika shafti nje karibu na beringi, inyanyue na kuishusha. Kwa shafti ya milimita 25, ikicheza zaidi ya milimita moja na nusu, beringi ya mpira imekwisha. Shafti inayochezacheza huku nje inapigapiga pakingi huko ndani na kuipanua tundu liwe yai.

Sababu kubwa zaidi ya zote ni mashine iliyokaa mkao mbaya. Maunti zake, yaani miguu inayokalia, ni za mpira, dizeli ikidondokea zinalainika, upande mmoja unazama, na shafti inaanza kuingia boksini kwa mshazari. Hapa hakuna kukadiria. Fungua boliti za kapulingi, ishike shafti isiiname kwa uzito wake, zikutanishe sahani mbili taratibu na upime mwanya kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya) juu, chini, kushoto na kulia. Tofauti inayokubalika ni sehemu moja ya elfu ya kipenyo: kapulingi ya milimita 100, tofauti isizidi milimita 0.1. Mwanya ukiwa mkubwa chini, mbele ya mashine imepanda mno kuliko nyuma, ishushe kwa nati za maunti. Ukimaliza zungusha shafti robo na upime tena. Ikiwa mwanya mkubwa umehama pamoja na sahani, mashine haina kosa, kapulingi au shafti imepinda. Na kipimo hiki hufanywa chombo kikielea, siku moja au mbili baada ya kushushwa, tanga na kamba za mlingoti zikiwa zimevutwa kama kawaida. Mashua iliyokaa kwenye gadi ina umbo jingine na ile iliyo majini. Fundi anayekupangia mashine nchi kavu na kukukabidhi, amekufanyia nusu ya kazi.

Mpira unaoshika boksi ndio unaonitisha kuliko pakingi. Pakingi ikichoka inakuonya kwa wiki nyingi. Mpira ukipasuka yanaweza kuingia makumi ya lita kwa dakika, na pampu ya kawaida ya ngama haishindani nayo. Uminye kwa kidole gumba. Ukiwa umekakamaa, au una nyufa karibu na klipu, au umevimba kwa kulowa dizeli, muda wake umekwisha. Klipu ziwe mbili kila upande, za chuma cha pua hadi kwenye skrubu yake. Jaribu kwa sumaku: skrubu inayonata sumaku wakati ukanda haunati itaoza mapema. Na ziangalie kwa chini, kwa kioo kidogo, kwa kuwa juu zinang'aa na chini zimeliwa. Mpira mpya uwe ule mnene wa tabaka nyingi uliotengenezwa kwa kazi hii. Wa rejeta ya gari ni mwembamba, na wenye waya ndani hukatwa na kutu ya waya wake.

Kubadilisha mpira huo maana yake ni kuivua kapulingi, nayo haitoki kwa hiari. Usiigonge kwa nyundo, beringi za giaboksi ndizo zitakazopokea pigo. Toa skrubu za kufungia, sukuma shafti nyuma kidogo, weka soketi yenye kipenyo kidogo kuliko shafti katikati ya sahani mbili ikae kwenye ncha ya shafti, rudisha boliti ndefu zaidi na ukaze kwa zamu. Kapulingi itavutwa ikitoka polepole. Kabla hujaanza, angalia propela ina nafasi ya kurudi nyuma bila kugonga usukani. Wakati wa kurudisha, zile skrubu zifungwe kwa waya, na ufunge klipu mbili nzito kwenye shafti kati ya kapulingi na boksi. Kapulingi ikiachia ukiwa giabo ya nyuma, klipu hizo ndizo zitakazoizuia shafti isitoke yote na kukuachia tundu.

Kwenye mashua za mbao boksi huwa limefungwa kwa boliti moja kwa moja kwenye mti, bila mpira. Huko mara nyingi maji hayapiti kwenye pakingi kabisa. Yanapita chini ya sahani ya boksi au kando ya boliti, kwa kuwa mti umeoza ukubwa wa kidole kuzunguka chuma. Kukaza gilandi ya namna hii ni kumpa dawa asiyeumwa. Sahani inavuliwa, mti mbovu unachimbwa na kutiwa mti mpya, pamba ya kalafati (ya kuzibia maungio ya mbao) inarudishwa, na boliti zinakalishwa kwenye gundi ya poliyurethani. Silikoni ya dukani haishiki mti uliolowa. Na chombo kilichokaa juani wiki nyingi kipewe siku tatu nne za kuvimba kabla ya kuhukumiwa.

Zipo gilandi zisizodondosha. Ile ya mpira yenye midomo, kama ya Volvo Penta, ikishushwa majini lazima iminywe kwa vidole hewa itoke na maji yaonekane, kisha ipewe grisi kidogo kama sentimita moja ya ujazo. Ikizunguka kavu inaungua kwa dakika chache. Ile ya sahani mbili zinazosuguana, moja ya kaboni na nyingine ya chuma cha pua, nayo itolewe hewa kwa kurudisha nyuma mpira wake wa mikunjo kila baada ya kushushwa. Skrubu zake za kufungia hazirudiwi, hununuliwa mpya. Ni nzuri, ngama inabaki kavu. Lakini ikiharibika katikati ya mkondo wa Pemba huwezi kuitengeneza kwa kamba na kisu.

Anayeondoka miezi miwili mara nyingi huikaza gilandi ya pakingi mpaka isidondoshe, ili betri isichoke. Si vibaya, mradi kipande cha kadibodi kilichoandikwa LEGEZA GILANDI kifungwe kwenye ufunguo wa mashine, si kwenye boksi ambako hakuna atakayekiona.